Kabla Tingatinga Halijafika: Maswali Yenu Kuhusu Akiolojia na Barabara

Wiki jana niliona vijana sita wakitembea kwa mstari kando ya barabara yetu inayotarajiwa kupanuliwa, macho chini kama watu waliodondosha pesa. Walitafuta nini? (Mwenye duka, Kiserian)

Vijiwe, ndugu yangu. Wanaakiolojia huanza kwa miguu. Huifuata njia itakayopita barabara wakiangalia mawe yaliyochongwa, vigae vya vyungu, mifupa na shanga za ganda la yai la mbuni. Penye dalili huchimba shimo dogo, udongo ukachekechwa, na kila tabaka likaandikwa kabla ya kushuka la chini yake.

Upande wenu hawabahatishi. Ukiteremka na hiyo barabara ya Magadi utafika Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walichimbua mashoka ya mkono ya mawe miaka ya 1940. Huko pia yamepatikana mawe meusi ya volkeno yaliyobebwa na watu wa kale makumi ya kilomita, zaidi ya miaka 300,000 iliyopita. Sisi tunaovuka jiji zima kufuata mtumba soko la Gikomba hatuna haki ya kuwashangaa.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Barabara ya kupanuliwa hupita mahali ambapo pembeni pameshachimbwa mitaro na mabomba. Changarawe, hata hivyo, hutoka kilimani, pengine kilomita kadhaa kando, na kilima chenye mwamba wa kujisitiri ndipo watu wa kale walipopenda kulala. Mkiitwa kwenye kikao cha tathmini ya athari za mazingira, msiulize habari za lami tu. Ulizeni changarawe itachimbwa wapi, na kama kuna mtaalamu aliyekwisha kupakagua.

Si hawa ndio wanaotucheleweshea barabara? (Dereva wa matatu, Uthiru)

Wakiitwa ramani ikiwa bado kwenye karatasi, hawamcheleweshi mtu: barabara husogezwa kidogo, au eneo huchimbuliwa kitaalamu kabla mkandarasi hajaleta mitambo. Tabu ni kuwaita tingatinga likishanguruma.

Kumbuka ule mugumo, mti mkubwa wa jamii ya mtini, wa Waiyaki Way jijini Nairobi. Ujenzi wa barabara ya Nairobi Expressway ulikuwa umeanza, watu wakapiga kelele, hadi Novemba 2020 ikatoka amri ya Rais Uhuru Kenyatta kwamba usikatwe. Lakini mugumo unaonekana hata ukiwa ndani ya matatu. Jiko la mafiga lililofukiwa mita moja chini halina wa kuliandamania.

Fundi akichimba msingi kwangu amepata vijiwe vyeusi vyenye makali, vinang'aa kama kioo. Ninyamaze? Naogopa ploti itachukuliwa. (Anayejenga, Kitengela)

Kwanza hakikisha si chupa ya bia. Sicheki, nimewahi kuletewa.

Kama ni jiwe kweli, usinyamaze. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inakupa siku saba kuwajulisha Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya mahali hasa ulipokiona kitu na jinsi ulivyokipata. Vitu vya kale vilivyomo ardhini ni mali ya serikali, lakini kuokota vijiwe si kupoteza hati ya ploti. Mwambie fundi ahamie kona nyingine kwa sasa. Piga picha vikiwa palepale, weka kalamu kando ili ukubwa ujulikane, wala usivioshe. Jiwe lililohamishwa bila kumbukumbu limepoteza nusu ya habari zake. Kitengela haiko mbali na kilima cha Lukenya, ambako chini ya miamba watu wa enzi za mawe waliacha zana zao, kwa hiyo huenda fundi wako hajakosea.

Makaburi ya wazee wetu yako karibu na barabara. Nayo ni akiolojia? (Mama, Limuru)

Hapana, mama. Kaburi lenye wenyewe ni suala la familia, ruhusa ya kuhamisha na fidia. Ila msingoje wakaguzi wayagundue wenyewe, maana mengine hayana hata msalaba. Mzee anayeyajua atembee nao na kuyaonyesha moja moja, na majina yaandikwe siku hiyohiyo.