Ijumaa Kampala, Jumamosi Diani? Hebu tuhesabu

Tangu nilipoandika hapa kwamba ujanani nilikuwa taniboi, yaani utingo, wa malori ya Mombasa, maswali ya bahari hayaishi. Leo najibu sita.

*"Mzee, tuko marafiki wanne wa Ntinda. Tutoke Ijumaa jioni baada ya kazi, tuogelee Diani Jumamosi, Jumatatu asubuhi tuwe ofisini. Itawezekana?"*

Haitawezekana, na aliyewaambia inawezekana alipanda ndege. Kampala hadi Nairobi ni kama kilomita 650. Nairobi hadi Mombasa ongeza karibu 480, na hapo Diani bado iko mbele. Weka mpaka, weka foleni za malori, weka tumbo la mmoja wenu: hizo ni saa ishirini na zaidi garini. Mtafika Jumamosi usiku macho mekundu, Jumapili alfajiri mgeuze gari. Hiyo ilikuwa kazi yangu, nami nililipwa.

Ombeni siku tano. Tokeni saa kumi alfajiri kabla Mukono haijaamka, mlale Nakuru, au Nairobi kama dereva wa pili yupo kweli na si wa mdomo. Mtelemko wa Sachang'wan, kabla ya Nakuru, mshukeni mchana na kwa gia ndogo. Malori yaliyokatikiwa breki pale yameua watu wengi. Kesho yake, msiendeshe usiku kati ya Mtito Andei na Voi. Hiyo ni Tsavo, barabara ni ya njia mbili tu, na dereva wa lori aliyesinzia hutamwona mpaka taa zake ziko usoni pako.

Au acheni gari Nairobi mpande treni. Tangu 2017 inafika Mombasa kwa saa tano hivi. Kateni tiketi mapema na mfike stesheni ya Syokimau mapema pia, maana mizigo hupangwa chini ikanuswa na mbwa kwanza. Mkishuka Miritini mtatafuta gari la kuwafikisha Diani.

*"Busia au Malaba?"*

Gari dogo, Busia. Malaba waachie wenye makontena. Kote kuwili unapita ofisi za upande unaoingia tu: ukienda Kenya, mihuri yote miwili unagongewa ng'ambo, basi usihangaike kutafuta dirisha upande wetu.

*"Mimi ni dada wa Mbale, gari ni la kaka yangu. Nibebe karatasi gani?"*

Wewe mwenyewe, kitambulisho cha taifa kinatosha kuingia Kenya, ingawa mimi hubeba pasipoti. Ongeza kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Gari nalo lina kadi yake ya njano, ile ya bima ya COMESA, kwa sababu bima ya kawaida ya hapa inaishia mpakani. Msizichanganye: moja ni ya damu yako, nyingine ni ya bampa. Kisha logibuku, na barua ya kaka yenye muhuri wa wakili. Forodha watakupa kibali cha muda cha gari. Soma tarehe ya mwisho pale pale dirishani.

Na kaveera iache nyumbani. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017. Chapati za njiani zitie kikapuni.

*"Sisi ni wa Entebbe. Mwaka jana tulifika Diani asubuhi tukakuta maji yako mbali kabisa, mawe na majani tu. Wenye hoteli wakasema tungoje jioni. Tulidanganywa?"*

Hamkudanganywa, ni ziwa lililowazoesha vibaya. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na Mombasa tofauti hukaribia mita nne. Siku hizo hupwa kama saa nne au saa tano asubuhi, yakarudi kujaa saa kumi jioni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Hayaendi mbali, na asubuhi mnakuta pa kuogelea. Kwa hiyo kabla ya kulipia chumba, tazameni mwezi.

Maji kupwa si hasara lakini. Mnaweza kutembea hadi karibu na mwamba, katika vidimbwi mkaona kiti cha pweza, yule mwenye umbo la nyota, na samaki wadogo wa buluu. Vaeni viatu. Mimi nilikwenda miguu mitupu, nikakanyaga yule mdudu mweusi mwenye miiba kama nungunungu. Mzee mmoja mvuvi alinikalisha juu ya ngalawa, akanipaka utomvu wa papai, huku akicheka bila kujificha.

Mwezi wa nne na wa tano ni mvua. Kusi ikivuma, hadi mwezi wa tisa hivi, mwani hujaa ufukweni. Kaskazi, Desemba hadi Machi, ndiyo bahari ya kwenye picha.

*"Naogopa feri ya Likoni. Kuna njia nyingine? – Baba wa watoto watatu, Bombo"*

Ipo: barabara ya Dongo Kundu, kutoka upande wa Miritini hadi kusini, upande wa Diani, bila kugusa feri wala mjini.

*"Sina pasipoti, sina siku tano, na pesa ni kidogo. Basi nikae nyumbani?"*

Nenda Kalangala, visiwani Ziwa Victoria. Masaka, kisha Bukakata, halafu feri ya bure hadi Luku, chini ya saa moja majini. Lutoboka kuna mchanga mweupe na maji yasiyopwa. Kichocho kipo ziwani, kwa hiyo usikae penye matete na konokono. Uliza saa ya feri ya mwisho siku ile ile ya kwenda, si ya kurudi. Mimi niliikosa, nikalala kwenye siti ya nyuma, nguo zikinuka samaki wa kuvuta hadi Jumanne.