Kwa mnaoingia maabara ya mimea dawa: dumu, Asima na aibu yangu

Wiki hii nimeona mambo mawili. Kijana wa mwaka wa kwanza wa uzamili kaingia na dikloromethani, kiyeyushi cha maabara, ndani ya dumu la plastiki, anatembea kwa raha zake. Sikusema kitu, nilitoka nje nikapunga upepo. Niliporudi, mwenzake ananionyesha andiko la mradi, ukurasa wa kwanza kabisa: Asima Chatterjee, mwanakemia wa Kolkata, ndiye aliyegundua vinkristini, dawa ya saratani. Si kweli. Wadogo zangu, nawapenda, ila mnanizeesha. Haya, vuteni stuli.

1. Ukimtaja mtu, ujue alichofanya. Vinblastini, dawa ndugu yake, ilitoka Kanada, kwa Robert Noble na Charles Beer, mwishoni mwa miaka ya 1950. Vinkristini ikafuata kwenye kampuni ya Eli Lilly kule Marekani. Asima alishughulika na alkaloidi (kemikali za mimea zenye nitrojeni, nyingi zina nguvu ya dawa) za jamii hiyohiyo ya mimea, basi watu mtandaoni wakamrundikia na dawa zisizo zake. Mama wa watu hana shida ya kupambwa. Alizaliwa 1917, baba yake daktari aliyependa mimea. Alimaliza shahada ya kwanza Scottish Church College 1936, ya uzamili Chuo Kikuu cha Calcutta 1938. Mwaka 1940 akaanzisha idara ya kemia pale Lady Brabourne College, chuo cha wasichana. Udaktari wa sayansi akaupata 1944, wakati ambao hapo India wanawake wenye shahada hiyo walikuwa wa kuhesabika. Baadaye akaenda Wisconsin, Caltech, kisha Zurich kwa mwanakemia Paul Karrer, akarudi nyumbani. Tuzo ya Bhatnagar, tuzo kubwa ya sayansi ya India, aliipata 1961, mwanamke wa kwanza kuipata. Kwenye benchi kazi yake ilikuwa alkaloidi za indoli na kumarini, pamoja na stereokemia (mpangilio wa atomi angani) ya ajmalisini na sarpajini, alkaloidi za Rauvolfia. Na kama mnadhani hayo ni mambo ya Wahindi tu, muulizeni Mchaga yeyote anayejua mbege, pombe yao ya ndizi. Msesewe unaotiwa humo ni Rauvolfia caffra, ndugu wa mimea ileile aliyokuwa akiichemsha Asima.

2. Asima hakuwa na NMR, mashine inayosoma muundo wa molekuli. Hili nalirudia kwa sababu juzi mtu aligoma kufanya kazi mchana mzima kwa kuwa mashine iko kwenye matengenezo. Alipoanza, muundo wa molekuli ulijulikana kwa kuibomoa: unaioksidisha, unaichoma na vumbi la zinki, unakusanya vipande, unavilinganisha na vitu vinavyojulikana kwa kuchanganya fuwele na kuona kama kiwango cha kuyeyuka kinashuka. Kikishuka, si kitu kimoja, rudi mwanzo. Sampuli nyingine zilibidi zivuke bahari kwenda kuchambuliwa elementi. Kwa mtindo huo huwezi kudanganywa na uchafu kirahisi, maana uchafu haukubali kuwa fuwele safi mara tatu mfululizo. Ambapo sasa inabidi nitoe yangu.

3. Plastiki. Nilikuwa na umri wenu na kiburi chenu. Nilikuwa na magome ya msesewe, na msimamizi aliniambia nifuate alkaloidi, yaani nitie asidi, nitie besi, nitenganishe. Mimi nikaona kila mtu anafuata alkaloidi, ngoja nikachungulie sehemu ya heksani, yaani yale ya mafuta yanayoyeyuka kwenye kiyeyushi hicho. Heksani yenyewe niliinunua kwa bei poa na kuihifadhi kwenye dumu, kwa sababu chupa za kioo zilikuwa zimefungiwa kabatini na mwenye ufunguo alikuwa likizo. Kuinereka tena, yaani kuichemsha na kukusanya mvuke wake ili iwe safi? Nilinusa tu, nikaridhika.

Kolamu, bomba la kutenganishia mchanganyiko, ilishuka vizuri ajabu. Doa moja kwenye TLC (kibao cha kupimia usafi), la duara, halina mkia. Rotavepa, mashine ya kuvukizia kiyeyushi, ikaniachia mafuta meupe, mazuri, hayagandi hata kwenye friji. Spektra za NMR zikaja: vilele viwili vya aromatiki karibu na 7.7 na 7.5, kingine kwenye 4.2, halafu msitu wa alifatiki. Kabonili ya esta kwenye infraredi. Nikasema hii ni esta mpya ya asidi ya aromatiki, haijawahi kuonekana kwenye Rauvolfia. Nilishaipa jina. Jina lenyewe lilikuwa na kijiji cha bibi yangu ndani yake, akina mama wa ukoo wakajulishwa, na shangazi mmoja akaniombea kanisani.

Nikapanda mbele ya semina ya idara. Slaidi ya spektra ya masi ilipotokea, mzee mmoja mgeni aliyekuwa anasinzia safu ya nyuma alifungua macho, akaona kilele kikubwa kwenye 149, akauliza kwa upole kabisa: “Samahani mwanangu, kiyeyushi chako unakitunza kwenye nini?” Nikajibu kwa kujiamini, kwenye dumu. Ukumbi mzima wa wakubwa ukacheka, sisi wadogo tukawa hatujui tunachochekewa. Masi ya 390. Fthaleti, dawa ya kulainishia plastiki. Nilikuwa nimetumia sehemu nzuri ya uzamili wangu kutenga dumu. Msimamizi hakunikaripia. Alinipa ufunguo wa kabati, na kile kitabu changu cha maabara akakirudisha bila kuandika neno, jambo ambalo liliniuma kuliko matusi. Magome yalikuwa yamekwisha, na mti niliouchukulia hapo awali sikuwa nimeweka sampuli ya hebariamu, yaani tawi lililokaushwa na kuhifadhiwa kama ushahidi wa mmea. Shangazi bado ananiuliza ile dawa imefikia wapi.

4. Pitisha kiyeyushi kitupu kwenye kolamu kabla ya sampuli.

5. Sampuli ya hebariamu siku ileile ya kuchuma. Si wiki ijayo, na picha ya simu haihesabiki.

6. 149, 7.7, 7.5, 4.2, alama za dumu. Ziandike ukutani juu ya benchi lako, ukiziona usinipigie simu kwa furaha.

7. Mkichoka, pumzikeni. Nasema hivi kwa sababu kuna wanaolala maabara wakidhani ndiyo bidii. Asima mwaka 1967 alifiwa na mumewe, mwenyewe akaugua vibaya, akarudi kazini, na mwaka 1975 akawa rais mkuu wa kongamano la sayansi la India. Dawa ya kifafa kutoka kwa kijimea cha majini Marsilea minuta, dawa za malaria kutoka Alstonia na Swertia, zote zilitoka kwa maabara iliyokuwa ikihesabu kila tone la kiyeyushi. Alikaa bungeni, Rajya Sabha (baraza la juu la bunge la India), toka 1982 hadi 1990, bado akihariri majuzuu ya mimea dawa. Sijui alikuwa analala saa ngapi, na sitaki muanze kumwiga kwa hilo.

8. Faneli ya kutenganishia ya lita mbili, yenye koki ya kioo, imetoka benchi langu Jumatano. Aliyeichukua aioshe kwa asetoni, airudishe, na koki asiipake grisi.