Barua kwa mwanangu: Dema la babu yako

Kitinda mimba wangu,

Salamu zako zimefika, na mama yako ile dawa ya magoti ameipata.

Umeniuliza kama kozi ya Ugiriki na Rumi ya kale uliyopangiwa chuoni ina faida yoyote leo kwa mtu wa kwetu, au uiache uchukue takwimu. Mimi kila nikisikia Wagiriki hunijia dema la babu yako, ule mtego wa samaki wa kusuka kwa fito, lile lililokuwa likining'inia nyuma ya jiko.

Mwaka 1976, niko sekondari bara, mwalimu wa historia alitusomea kipande cha Periplus ya Bahari ya Eritrea, kitabu cha kale cha safari na biashara za baharini. Aliyekiandika kitabu hicho hajulikani jina. Yaonekana alikuwa mfanyabiashara wa Misri iliyotawaliwa na Warumi, akaandika kwa Kigiriki katika karne ya 1. Pwani yetu anaiita Azania, na bandari yake ya mwisho Rhapta, kwa sababu ya vyombo vya kushonwa. Kushonwa kwa kamba, mwanangu, kama mitepe ya Lamu! Kisha anataja kisiwa cha Menouthias, chenye miti mingi, ambako watu huvua kwa vikapu badala ya nyavu, wakivitega kwenye milango ya maji.

Niliinuka bila hata kunyoosha mkono. "Hilo ni dema! Baba anayo mawili nyumbani!"

Darasa zima likacheka. Mwalimu akasema, "Keti. Hapa tunasoma Wagiriki, hatusomi mambo ya wavuvi." Nikaitwa Dema mpaka namaliza kidato cha nne. Leo nina wajukuu, na sauti ile bado naisikia.

Likizo ilipofika nikamsimulia babu yako. Alikuwa anasuka fito, hakuinua macho. "Milango ya maji, kasema hivyo? Maji yakijaa au yakipwa?" Sikuwa na jibu. Akasuka, akasuka, kisha akasema, "Huyo alisimama akatazama. Ila chambo hakukitaja." Wiki nzima aliwatangazia wenzake pwani kwamba Mgiriki kasahau chambo. Sijapata kumwona na furaha kama ile.

Ndiyo maana nawaambieni siku zote: anayeitazama kazi ya mkono wako, huyo amekuona.

Lakini sitaki kukuficha. Mtu yule alifuata pembe za ndovu, vipusa na magamba ya kasa. Katika kitabu hicho hicho anataja watumwa waliotoka Opone, huko Somalia, kwenda Misri, anawataja pamoja na bidhaa nyingine. Naye Aristotle, msomi wao mkubwa, aliandika kwamba wapo watu ambao kwa maumbile yao ni watumwa. Nikifika hapo nataka kukwambia achana nao kabisa. Basi aliyeitazama kazi ya mikono yetu alituona kweli? Dema aliliona. Hilo simnyimi. Na babu yako, je, alimhitaji Mgiriki amthibitishie dema lake? Hata kidogo. Aliyemhitaji ni mimi, siku ile nimesimama peke yangu darasani.

Wataalamu bado wanabishana kama Menouthias ni Pemba, Unguja au Mafia. Mimi nimezaliwa Mafia, kwa hiyo jibu langu unalijua, na usinibishie.

Kuhusu takwimu, mama yako amenikataza kukuamulia. Ulimi unaniwasha, lakini nimemwahidi. Takwimu ina kazi, sikatai, na ada unalipa mwenyewe. Amua.

Ila ukibaki kwenye hiyo kozi, nakuomba jambo moja. Mwulize mwalimu wako lile neno la Kigiriki ni kikapu cha namna gani: cha wazi juu, au kilichofunikwa chenye mdomo wa kuingilia samaki? Uniandikie upesi.

Baba yako