Gari lako limesamehewa MOT? Lipeleke hivyo hivyo

Kila nikisema nimeipeleka Land Rover yangu ya mwaka 1969 kwenye MOT, ukaguzi wa kila mwaka wa usalama wa gari, wenzangu wa hapa Uingereza wenye magari ya kale huniuliza nani kanituma. Si limesamehewa? Ni kweli. Tangu tarehe 20 Mei 2018 gari lililotimiza miaka 40 halilazimiki kwenda kwenye ukaguzi huo, ilimradi halijafanyiwa mabadiliko makubwa ndani ya miaka 30 iliyopita. Kabla ya hapo walisamehe yale tu yaliyoundwa kabla ya 1960, na msamaha huo ulianza Novemba 2012. Sasa kila mwaka unaopita unaingiza magari mapya kwenye kundi. Tumeshafika ya miaka ya themanini, magari ambayo wenyewe bado wanayakimbiza kwenye barabara kuu.

Kinachonichekesha ni kwamba ukaguzi huu ulipoanza mwaka 1960 ulilenga magari makuukuu hasa. Gari lililofika miaka 10 lilikaguliwa breki, taa na usukani, basi. Mwaka uliofuata umri ukashushwa hadi miaka 7, na 1967 ukashushwa hadi 3. Leo gari la miaka 3 linapanda lifti, la miaka 57 linapita na kupunga mkono.

Lakini soma vizuri ulichosamehewa. Umesamehewa cheti. Kuendesha gari bovu lenye kuhatarisha watu bado ni kosa, liwe na cheti au lisiwe nacho: faini inafika pauni 2,500, pamoja na pointi tatu za adhabu kwenye leseni. Bima nayo huuliza hali ya gari siku ya ajali, na siku hiyo karatasi yenye tarehe na jina la kituo ina uzito kuliko maneno yako kwamba gari ulikuwa unalitunza.

Ada ya juu kabisa kwa gari dogo ni pauni 54.85, na vituo vingi hutoza chini ya hapo. Kwa fedha hiyo mtu asiye na mapenzi na gari lako analipandisha juu na kulitazama kwa tochi. Hilo la kutokuwa na mapenzi ndilo ninalolipia. Mimi macho yangu yameshazoea kutu ya gari langu.

Na kutu ndiyo habari kubwa ya Land Rover hizi. Bodi ni ya aluminiamu, kwa hiyo nje inang'aa hata ikiwa chini hakuna kitu. Chasisi ni ya chuma, na huoza kuanzia ndani kwenda nje, hasa boriti ya nyuma, mikono inayoshika bodi pembeni, na sehemu springi zinapofungwa. Mkaguzi ana kinyundo cha plastiki cha kugongagonga. Haruhusiwi kuchoma kwa bisibisi. Ukimletea chasisi iliyopakwa lami nyeusi mpya tii, hawezi kuikwangua. Kwa hiyo usiipake kabla ya ukaguzi. Mwache aione ilivyo, upake ukirudi.

Usukani wa Series, yaani Land Rover za kale kama yangu, una boljointi (viungo vya kugeuzia) sita, na kila moja ikilegea kidogo, gari linaanza kutangatanga barabarani bila wewe kujua lini lilianza. Hapa mkaguzi ni bora kuliko wewe, kwa sababu mtu mmoja hutikisa usukani na mwingine anatazama chini.

Breki ya mkono inahitaji maneno machache kabla ya kazi. Kwenye Land Rover haishiki magurudumu. Inashika propela shafti, mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu, kwenye dramu iliyo nyuma ya giaboksi. Kijana aliyezoea magari ya kisasa akiivuta kwa nguvu gari likiwa juu ya rola za kupimia breki, anaweza kuumiza vyuma au gari likaruka. Mwambie mapema, naye ataipima barabarani kwa kifaa cha kupima gari linavyopunguza mwendo. Asiposikia, ondoka na gari lako. Sipeleki gari langu kwenye kituo kinachokagua magari mfululizo kama kinyozi wa siku ya sikukuu. Natafuta gereji ndogo yenye mzee aliyewahi kuyafanyia kazi haya yalipokuwa magari ya kawaida, au napiga simu klabu ya wamiliki kuuliza wanakwenda wapi.

Mkaguzi mwenye ujuzi pia anajua kinachodaiwa kwa umri wa gari. Gari lililoanza kutumika kabla ya 1965 halidaiwi mikanda ya usalama; langu la 1969 linadaiwa ya mbele. Moshi, kwa yaliyoanza kabla ya Agosti 1975, anautazama kwa macho tu.

Sasa, kuna ambayo ukaguzi hauyafikii, na hapa ndipo wale wanaoniambia MOT ni kazi bure wana sehemu ya haki. Mkaguzi haruhusiwi kufungua chochote. Silinda za breki zilizo ndani ya dramu haoni kama zimeanza kuvuja, na gari langu lina mfumo mmoja tu wa breki: uvujaji mahali popote na pedeli inafika sakafuni. Dramu nafungua mwenyewe, na mafuta ya breki nabadilisha hata kama gari halikutembea, kwa sababu yanavuta unyevu yakiwa yamekaa. Mipira ya petroli ni vilevile. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli hula mipira ya zamani. Mimi natia E5, yenye ethanoli kidogo, ile ya bei ya juu, na mipira nimeshaweka ya kisasa.

Tairi ndizo zinazonitisha zaidi. Gari la kale halitembei sana, kwa hiyo kashata zinabaki zimejaa wakati mpira umeshakufa. Sheria inadai kina cha milimita 1.6, tairi lina 6, linapita. Tazama ubavuni tarakimu nne za mwisho: 0815 maana yake ni wiki ya 8 ya mwaka 2015. Malori na mabasi yamekatazwa tangu Februari 2021 kuweka mbele tairi lililozidi miaka 10. Magari madogo hayakuguswa, lakini mimi nafuata kanuni hiyo hiyo.

Kuhusu mabadiliko makubwa, Land Rover ni mtego, kwa kuwa hakuna gari lililochezewa kama hili. Kubadilisha chasisi kwa nyingine ya aina ileile si tatizo. Kuondoa springi za pleti na kuweka za koili ni tatizo. Ukiweka injini ya V8 mahali palipokuwa na ya silinda nne, kwa kawaida msamaha umekwenda, na unahitaji MOT kama gari lingine lolote. Unapolipia ushuru wa barabara ndipo unapotamka kwamba gari halijabadilishwa. Ushuru wenyewe ni sifuri, lakini uuombe kila mwaka, na tamko hilo ni lako, si la aliyekuuzia.

Kwa wanaotaka kununua, na najua wapo wengi tangu magari yenye daraja la kihistoria yaliposamehewa ULEZ, tozo ya London kwa magari yanayochafua hewa: ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali usome historia yake ya MOT, bure. Utaona lilifeli nini, maili ngapi, na mara ya mwisho lilikaguliwa lini. Likiwa lilifeli kwa kutu mwaka 2017 kisha kimya, ujue msamaha wa 2018 ulipokuja mtu alipumua. Mwambie muuzaji utalipia wewe ukaguzi kabla ya kutoa fedha. Akikuambia gari la umri huu halihitaji, rudia ombi mara moja tu. Akikataa tena, chukua basi urudi nyumbani.