Marudiano ya uzani mzito: usiulize nani alishinda, uliza alishindaje

Likitangazwa tu pambano la marudiano la uzani mzito, huku Lamu ubishi unaanza hata kabla tarehe haijajulikana, na karibu kila mtu anakuja na moja ya hoja mbili. Kuna yule wa "si alimpiga mara ya kwanza, atampiga tena", na kuna yule wa "sa hii ashamsoma, safari hii hatoki". Wallahi zote mbili hazina kitu ndani. Mi nafuatilia ndondi tangu enzi za Lennox Lewis na Evander Holyfield na pale Mkunguni watu wanajua, wakinikuta barazani na kahawa yangu swali ni moja tu, haya tuambie nani. Sasa badala ya kumjibu kila mmoja kivyake nimeamua niandike jinsi ninavyofanya, ukitaka fuata, hutaki endelea kubishana kwa sauti.

Swali la kujiuliza ni hili: kilichomshinda aliyepigwa ni kitu cha kurekebishika kambini, au ndo alivyo? Basi. Mengine yote yanafuata hapo.

Ili ujue inabidi uirudie ile ya kwanza, na uirudie bila sauti. Hii ya sauti naisisitiza manake watangazaji wanakuamulia, mtu akikosa ngumi wanapiga kelele kama imeingia, uwanja ukilipuka wewe nawe unalipuka. Zima. Angalia miguu kwanza, nani anasogea mbele na nani anarudi, kisha angalia mkono unarudi wapi baada ya kurusha. Mfano wa zamani ambao haujazeeka ni Max Schmeling na Joe Louis. Louis alikuwa hajapigwa na mtu, Schmeling akakaa akazitazama filamu za mapambano yake akaona kitu kidogo sana, Louis akirusha jabu, ile ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele, mkono wa kushoto unarudi chini, haurudi kidevuni. Juni 1936 akamchapa mkono wa kulia juu ya ule wa kushoto raundi baada ya raundi mpaka raundi ya 12 Louis kalala. Sasa jiulize, mkono kurudi chini ni maumbile? Hapana, ni tabia, kocha mzuri anaikata. Juni 1938 wakarudiana pale pale Yankee Stadium na Louis akammaliza kwa sekunde 124, raundi ya kwanza haikuisha.

Wa siku hizi tuchukue Anthony Joshua na Andy Ruiz. Juni 2019, New York, raundi ya tatu: Joshua anamuangusha Ruiz, anamkimbilia ammalize, mikono iko wazi kabisa, anabadilishana naye ngumi karibu karibu na Ruiz mikono yake ni ya haraka kuliko mwili wake unavyoonyesha, anatoa ile ya kushoto ya kuzungusha inamkuta Joshua kwenye panja. Ukiangalia tena pole pole utaona miguu ya Joshua inakufa palepale, ule uso bado unatazama mbele lakini chini hakuna mtu. Aliangushwa mara 4 kwa jumla na refa akasimamisha raundi ya 7. Dunia nzima ikasema kioo, kidevu kioo, yaani hahimili ngumi. Lakini kilichomshinda ni umbali, alikaa mahali ambapo mtu mfupi mwenye mikono ya haraka ndo anapapenda, na umbali unarekebishika ukiwa una urefu na jabu na pumzi. Desemba mwaka ule ule kule Diriyah, Saudia, Joshua akaja kashuka kutoka kilo 112 hivi hadi karibu 108, akazunguka raundi 12, jabu, shika, ondoka, jabu, shika, ondoka. Pambano lenyewe lilikuwa la kupiga miayo, nakubali. Majaji wakampa 118-110, 118-110 na 119-109. Ruiz naye akaja na kilo 128 na ushei kutoka 121 na nusu, na baadaye mwenyewe akasema sherehe zilimzidi.

Lewis na Hasim Rahman ni darasa jingine la aina hiyo. Aprili 2001 Lewis kapelekwa Afrika Kusini, Carnival City kule Brakpan nje ya Johannesburg, mahali pa juu, na sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa hilo, panda Nairobi ukimbie ngazi za ghorofa tatu utajua pumzi ni nini. Rahman alifika mapema akazoea hewa, Lewis akachelewa kufika na akapanda ulingoni na dharau zake, yuko kwenye kamba anatabasamu, mkono wa kulia ukamkuta raundi ya 5. Hewa, dharau, maandalizi, vyote hivyo ni vya kurekebisha. Novemba wakarudiana Las Vegas, raundi ya 4 tu, mkono mmoja wa kulia, Rahman chali.

Sasa geuza upande wa pili. Septemba 2021 Oleksandr Usyk wa Ukraine alimpiga Joshua London kwa pointi. Alimpigaje? Kwa miguu. Usyk anapiga kwa mkono wa kushoto, mguu wake wa mbele unakaa nje ya mguu wako, anakugeuza kidogo kidogo, unarusha ngumi mahali alipokuwa. Joshua akabadilisha kocha, akamleta Robert Garcia, na Agosti 2022 kule Jeddah kwa kweli alikuwa bora kuliko mara ya kwanza, alipiga tumbo, raundi ya 9 alimtikisa hasa, nakumbuka watu huku walisimama juu ya viti wakasema leo leo. Raundi ya 10 Usyk akarudi kama hakuna kilichotokea. Jaji mmoja alimpa Joshua, wawili wakampa Usyk. Unaona? Aliyeshindwa aliimarika na bado akashindwa, manake kilichokuwa kinampiga hakijifunzwi ndani ya miezi kumi na moja. Wazee wetu walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na bondia ni hivyo hivyo, kambini anaweza kufundishwa mambo mapya mazuri lakini raundi ya 9 na ya 10 pumzi zikikata anarudi kwenye alichokizoea. Kwa hivyo ukitabiri usitabiri raundi nne za kwanza, kila mtu ni mjanja raundi nne za kwanza.

Mizani. Hapa ndo watu wanapotea zaidi na hapa ndo mi napapenda zaidi. Siku ya kupima uzito kila mtu anakimbilia simu, ohoo kaongeza kilo, hajafanya mazoezi, kaisha. Ama kapungua, ohoo kadhoofika. Kilo peke yake haisemi chochote mpaka ujue inaenda kufanya kazi gani na inaenda kwa nani. Chukua Tyson Fury yule yule mmoja. Desemba 2018 alipotoka sare na Deontay Wilder alikuwa na kilo 116 hivi, alicheza akirudi nyuma, alimsumbua sana ila raundi ya 9 na ya 12 akaangushwa. Februari 2020 akaja na kilo karibu 124. Watu wakacheka. Lakini fikiria, Wilder mkono wake wa kulia unahitaji nafasi, unatoka mbali kule, ukimpa mita moja na nusu anakuua, ukimkaa kifuani hana kitu. Zile kilo zilikuwa za kumlalia. Fury akatembea mbele tangu kengele ya kwanza, kila wakishikana anamuegemea shingoni uzito wote, raundi ya 3 kamuangusha, ya 5 kamuangusha, ya 7 kona ya Wilder ikarusha taulo. Sisi huku ilikuwa asubuhi ya Jumapili, saa mbili, watu wanakunywa chai.

Alafu Desemba 2024, Riyadh, marudiano na Usyk, Fury kaja na kilo 127, mzito kuliko Mei, aliposhindwa na Usyk kwa pointi akiwa na 119 hivi. Hesabu za kitaani zikawa zile zile, aha, anafanya kama alivyomfanya Wilder, atamlalia huyu mdogo wa kilo 102. Nilibishana sana wiki ile. Kumlalia mtu lazima kwanza umshike, na kumshika lazima asimame, Wilder anasimama, Usyk hasimami. Zile kilo zikawa mzigo wa kubeba raundi 12. Usyk akamgonga ngumi 179 dhidi ya 144 na majaji wote watatu wakaandika 116-112. Kilo zilezile za aina moja, mtu yuleyule, kwa mwingine ni silaha kwa mwingine ni gunia.

Kwa hivyo mizani isome hivi: aliyeongeza, je anaenda kukutana na mtu anayekimbia au anayesimama? Aliyepunguza, je anataka miguu, na alikuwa nayo zamani au anaitafuta leo?

Maneno ya kwenye mkutano wa waandishi yaachie watoto. Kila mtu "atamaliza mapema". Ila kuna hali moja nayasikiliza, maneno yakienda sambamba na mtu mpya kwenye kona. Kabla ya ile ya 2020 Fury alitangaza wazi kwamba anaenda kumtafuta Wilder kwa nokauti, tukamwona mwongo kwa sababu si ndo zake kusema chochote, lakini wakati huohuo alikuwa ameachana na kocha wake Ben Davison na kumchukua SugarHill Steward wa Kronk, gym ya Detroit, na Kronk miaka yote wanafundisha kitu kimoja, mkono wa kulia wenye uzito nyuma yake. Mtu hahami kocha na kwenda kwa fundi wa nokauti ili akacheze pointi. Lewis naye, Oliver McCall alipomdondosha 1994 raundi ya 2, alienda akamchukua Emanuel Steward, kocha aliyekuwa kona ya McCall usiku ule! Hiyo ndo akili. Waliporudiana 1997 alishinda, ingawa McCall usiku ule alikuwa na matatizo yake ya kichwa akawa analia ulingoni, kwa hiyo pambano lenyewe silihesabu sana.

Sare na matokeo ya utata pia yasikuchanganye. Machi 1999 Lewis alinyimwa ushindi dhidi ya Holyfield, wengi tuliamini hivyo, ikatolewa sare, basi kila mtu akasema marudiano yatakuwa mteremko. Novemba Lewis alipewa pointi lakini Holyfield alimpa kazi kubwa kuliko ile ya kwanza. Aliyedhulumiwa hapewi raundi za bure.

Na si uzani mzito tu, muulize Mandonga wa Tanzania, Januari 2023 alimpiga Wanyonyi Nairobi na Sugunyo, ngumi yake aliyoipa jina hilo, ikaimbwa nchi nzima, wakarudiana Julai na Wanyonyi akachukua kwa pointi. Tofauti ni kwamba kwa wazito ngumi moja inafuta hesabu zako zote, kwa hiyo hata ukisoma vizuri acha mlango wazi kidogo.

Mambo ya kubeti mi simo, dini yangu hainiruhusu na hata ingeruhusu pesa ya unga si ya kumpa Fury, Mwingereza wa mita 2.06. Ila najua mnabeti. Basi angalau msiweke kabla ya siku ya mizani, odi ya mapema inakuvuta kwa sababu hujajua kitu.

Haya, mnachonidai. Usyk na Fury wakikutana mara ya tatu. Ile ya Mei 2024 raundi ya 4 hadi ya 7 Fury alikuwa mbele hata kwa hesabu yangu, apakati zake, ngumi za kutoka chini kwenda juu, zilikuwa zinaingia tumboni na Usyk alikuwa anarudi nyuma mdomo wazi. Hiyo ndo dawa yake na anaijua. Tatizo lake ni kwamba dawa hiyo inataka asimame miguu imekita chini, na akikita miguu anaipokea ile ya kushoto, ndo iliyomvuruga raundi ya 8, na raundi ya 9 ikamtembeza kona kwa kona mpaka refa akamhesabia. Baada ya hapo Desemba hakuthubutu tena, alibaki mbali na jabu yake ndefu, na huko mbali Usyk yuko nyumbani. Akiwa karibu anaumia, akiwa mbali anaachwa pointi. Umri hautamwokoa, ingawa Usyk ndo mkubwa, wa 1987, Fury wa 1988, manake mwili wa Fury umeshushwa na kupandishwa kilo mara nyingi mno.

Mi nampa Usyk, pointi, tofauti ya raundi tatu au nne, Fury aanze vizuri na afifie kuanzia ya 8. Kitakachonibadilisha ni vitu viwili vikija pamoja: apande mizani chini ya kilo 118, na kwenye kona yake nione sura mpya ambaye kazi yake inajulikana ni kufundisha kupiga tumbo. Kikija kimoja tu, msinisumbue, jibu ni lile lile.