Usiharakishe kuiamini potasiamu ya jivu la kale

Ninyi mnaoanza kupima jivu la volkano la zama za Ordovisi, yaani miaka milioni 485 hadi 444 hivi iliyopita, nawaomba mjihadhari na potasiamu. Mwaka wangu wa kwanza maabara niliandika ripoti nzima nikidai kuwa jivu la tabaka la Kinnekulle kule Uswidi, lililoanguka miaka milioni 454 hivi iliyopita, lilikuwa mbolea nono ya potasiamu kwa mimea ya kwanza ya nchi kavu. Namba zilikuwa sahihi, maelezo ndiyo yaliyokuwa mabovu. Jivu lile liliangukia baharini, likageuka udongo mfinyanzi, na sehemu kubwa ya potasiamu ikaingia baadaye sana, tabaka likiwa limeshafukiwa, huku maji ya chumvi yakilipenya. Nilipima kilicholikuta jivu kaburini.

Siku hizi naanza na titani na zirkoniamu, maana elementi hizo hazihami kirahisi jivu likigeuka udongo. Kisha natafuta vitone vya kioo vilivyonaswa ndani ya punje za kwarsi. Humo magma ya asili, yaani mwamba ulioyeyuka, imejificha, maji hayajaiosha. Linganisha kioo hicho na udongo wa leo, utapata makisio ya kilichotoka, na hasa fosforasi, ambayo viumbe huigombania. Kazi hii inachosha macho, lakini kwangu ndiyo tamu kuliko zote.

Halafu angalieni tarehe. Spora, yaani chembe za uzazi, za mimea ya mwanzo zilizopatikana Argentina zina miaka milioni 470 hivi, kwa hiyo mimea ilishatia mguu nchi kavu kabla ya jivu la Kinnekulle. Msiandike kwamba jivu lilileta mimea. Kuirutubisha iliyokuwapo, hilo linajadilika. Wala msichanganye na visukuku vya mimea vya Rhynie, Scotland, vya miaka milioni 407 iliyopita. Kule mashina yamehifadhiwa pamoja na kuvu ndani ya seli zake, ila kilichoyahifadhi ni silika ya chemchemi za maji moto.

Mkichagua zirkoni, yaani fuwele ndogo za ndani ya jivu, za kupima umri, chukueni punje ndefu zenye ncha kali. Zilizoviringika huenda zilisombwa na maji kutoka kwenye mwamba mzee zaidi, na zitawapa umri mkubwa kuliko wa jivu lenyewe. Na kisagio cha mawe kioshwe kila baada ya sampuli, hata kama ni saa mbili usiku na umechoka. Punje chache za mwamba wa jana zinatosha kuharibu wiki nzima ya kazi.