Barua kwa mwanangu: jeni hazina nia

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, na swali lako pia. Unasema kama jeni, yaani chembe za urithi, zinazodumu ni zile zinazojirithisha zaidi, basi wema wetu ni ubinafsi uliovaa kanzu. Na umewaleta sokwe wa hifadhi ya Gombe, kule Kigoma, walioua majirani zao kati ya 1974 na 1978, wawe mashahidi.

Sawa, lakini umeita shahidi mmoja. Kusini mwa mto Kongo kuna bonobo, nyani wakubwa wanaofanana na sokwe, ndugu zetu wa karibu sawasawa na hao wa Gombe, na hawajulikani kwa vita vya namna ile. Mbona wao hukuwaita?

Hesabu ya mwanabiolojia Hamilton ya 1964 naikubali: tabia ya kumsaidia ndugu inaweza kuenea ikiwa faida anayopata ndugu, ikizidishwa kwa kiwango cha undugu, inazidi hasara ya msaidizi. Inaeleza kwa nini tabia ilibaki. Haisemi lolote juu ya kilichomo moyoni mwa anayesaidia. Usiku ule wewe ulipochemka kwa malaria sikukaa kupiga hesabu ya undugu wetu. Jeni hazina nia, mwanangu. Nia ninayo mimi.

Hapa mtaani akifa mgeni asiye na jamaa, watu humwosha, humkafini, humzika. Utasema wanatafuta sifa. Wapo, nawajua hata kwa majina! Lakini hata ukinionyesha chanzo cha tabia hiyo tangu enzi za mababu, hujaonyesha kwamba kumzika si jambo jema. Akili ya kuhesabu nayo imetokana na uteuzi asilia, yaani tabia zinazosaidia kuishi na kuzaa ndizo zinazobaki, na saba na tano bado ni kumi na mbili.

Mwanafalsafa Hume aliligusa hili tangu karne ya 18: kutoka "ndivyo ilivyo" huruki moja kwa moja hadi "ndivyo ipasavyo". Ila siendi na wanaosema biolojia haina neno kabisa katika maadili. Mtoto wa binadamu huzaliwa hajiwezi na hukaa miaka mingi akitegemea wengine. Sheria ya uzazi isiyojua hilo ni sheria mbovu.

Na huyo mwenzako wa chumbani anayesema kuibia mtihani ni maumbile tu, mwulize: aliyemwibia simu naye aachiwe kwa hoja hiyohiyo?

Baba yako anakusalimu. Nitumie jibu la huyo mwenzako.

Mama